Bembea ya Mzee Mfaume Apewe Nani?

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi aende akalale, maana kisa hiki kinataka watu walio macho.

Kilwa Kivinje, miaka ile ambayo mtaa mzima ulisikiliza redio moja, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Wa kwanza ni Bi Somoe, mjane wa seremala. Huyu alijaliwa sikio. Miaka ishirini alikaa karakana na marehemu mumewe, hata akajua sauti ya kila mbao. Mtu akitaka kuezeka nyumba, humwita kwanza. Anagonga boriti kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasema, "Hii nzima. Hii ina mchwa ndani. Hii nayo itakuaibisha mwaka wa tatu." Na hakuwa akikosea.

Wa pili ni Chande, mpagazi wa magunia ya chumvi. Huyu alijaliwa nguvu, tena si nguvu za kunyanyua na kutupa, maana hao wako wengi. Nguvu zake zilikuwa za kushika. Chande akishika kitu, kimeshikwa. Siku za sikukuu aliacha chumvi akaja kusukuma bembea.

Wa tatu ni Tabu, mwimbaji wa harusini. Huyu alijaliwa sauti. Bibi harusi anayelia hunyamaza. Wakwe waliogombana hukaa mkeka mmoja mpaka wimbo uishe. Ukiisha wanaendelea kugombana, lakini hilo si kosa la Tabu.

Sasa, bembea yenyewe. Ilikuwa mali ya Mzee Mfaume, na msidhani ni bembea ya kamba. Lilikuwa gurudumu kubwa la mbao, limesimama kati ya nguzo mbili, na visanduku sita vya kukalia vikining'inia. Injini haikuwa nayo. Chande na mwenzake walivuta kisanduku cha chini kikapanda, cha juu kikashuka, watoto wakapiga kelele za raha na za woga pamoja. Aliyeichonga ni baba yake Mfaume. Hapakuwa na mtu mzima Kivinje ambaye hakuwahi kuliona paa la nyumba yao kutoka juu ya bembea ile. Watu walihesabu miaka kwa bembea hiyo: "Mimi niliolewa mwaka bembea ilipopakwa rangi nyekundu."

Ikawa Idi pili, baada ya sala ya alasiri. Tabu amesimama kando ya bembea anawaita watoto kwa nyimbo, nao wakaja kama siafu. Visanduku vya watu wawili wakapanda watatu. Kisanduku kimoja tu kilikuwa na mtoto mmoja, naye ni Zamda, mwenye miaka saba, mjukuu pekee wa Mzee Mfaume. Mama yake alishafariki. Babu alimpa kisanduku kizima kwa sababu, kwa Zamda, babu hakujua kusema hapana.

Bi Somoe alikuwa anapita na sahani ya kashata, anampelekea dada yake. Akasimama ghafla. Akaiweka sahani chini.

"Simamisheni!"

Chande hakuuliza kwa nini. Alidaka ubao uliokuwa unapita mbele yake, gurudumu likasimama papo hapo. Hapo ndipo wengine wote wakasikia alichokisikia Bi Somoe peke yake: kwaa! Mhimili, ule mti wa katikati unaobeba gurudumu zima, umepasuka. Gurudumu likainama upande mmoja. Na Zamda yuko juu kabisa.

Yule mwenzake Chande alikimbia. Hadi leo hapendi kuulizwa.

Mzee Mfaume akashika kichwa. "Jamani! Atakayenishushia mjukuu wangu mzima, bembea hii ni yake! Mungu shahidi, na nyinyi nyote mashahidi!"

Chande aliingiza bega chini ya gurudumu. Uzito wote wa upande ule ukamlalia yeye. Alisaga meno, mishipa ikamtoka shingoni, miguu ikazama mchangani, lakini gurudumu halikuendelea kuinama.

Bi Somoe aliweka sikio kwenye nguzo. Maana kumbe kumtoa mtoto wa chini haraka ni kulifanya gurudumu lizidiwe na uzito wa juu, lizunguke lenyewe, livunjike. "Mtoeni wa kulia," aliwaambia wazazi waliosogea. "Mmoja! Ngoja. Chande, lizungushe kidogo kwa mikono, kiasi cha shibiri. Acha! Linalia. Subiri linyamaze. Haya, zungusha tena."

Juu huko, Zamda alikuwa amesimama. Amemwona babu yake chini amenyoosha mikono, na anataka kuruka. Tabu alimwona. Hakupiga kelele. Alianza wimbo, polepole, wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kwa kuwa aliutunga palepale:

"Kuku kaatamia—"

Watoto wakanyamaza.

"Semeni: tuli! Kuku kaatamia—"

"Tuli!"

"Atakayejitikisa atavunja yai. Kuku kaatamia—"

"Tuli!" Zamda akaketi, akashika ubao kwa mikono miwili, akawa kuku.

Wakashuka mmoja mmoja, shibiri kwa shibiri. Zamda alikuwa wa mwisho. Babu yake alipomkumbatia, Chande alijivuta kutoka chini ya gurudumu, na mhimili ukakatika. Bembea iliyodumu vizazi viwili ikalala chini kama mgonjwa. Hakuumia mtoto hata mmoja. Ila mkono wa kulia wa Chande ulikuwa umechomoka begani. Fundi wa mifupa aliurudisha, lakini haukupanda tena juu ya kifua. Magunia ya chumvi yakawa basi.

Wiki ya pili Mzee Mfaume aliwaita wote watatu barazani kwake. "Niliahidi mbele za watu," alisema. "Bembea itatengenezwa. Lakini nilisema 'atakayenishushia', nilidhani ni mtu mmoja. Mmekuwa watatu. Nimpe nani?"

Chande akasema, "Mzee, mimi sina maneno mengi. Mkono wangu umebaki pale."

Bi Somoe akasema, "Pole, mwanangu. Lakini bila sikio langu usingebaki mkono tu pale, ungebaki mzima mzima."

Tabu akasema, "Nyinyi mlishika mti, dada. Mtoto alishikwa na mimi."

Hapo wangeweza kuishia. Hawakuishia.

"Ni wewe, Bi Somoe, uliyesema simamisheni wakati mtoto yuko juu," alisema Tabu. "Ungengoja nusu mzunguko tu, angekuwa chini."

"Ningengoja, lingekatika likiwa linakwenda! Na wewe? Nani aliwaita watoto mpaka visanduku vikajaa kupita kiasi?"

"Mimi niliimba. Aliyewapandisha watatu watatu ni Chande."

Chande aliangalia mkono wake. "Ni kweli niliwapandisha. Walikuwa wanalia wanataka kupanda."

Mzee Mfaume akachanganyikiwa kuliko mwanzo. Akasema waichukue kwa ushirika. Akawauliza wataifanyia nini. Bi Somoe alitaka ichongwe upya mbao zote, na mtoto asipande mpaka miaka miwili ipite, mbao zikauke. Tabu alitaka kuipeleka Lindi na Nachingwea, kila penye sherehe. Chande alitaka ibaki palepale, isimame Idi hii ijayo, maana hana tena kazi nyingine. Ushirika ukafia mkekani. Kuigawa nako hakuwezekani. Bembea ikigawanywa ni kuni.

Mwisho akamwita Zamda. "Mjukuu wangu, ni nani aliyekushusha?"

Mtoto akafikiri. "Wimbo ndio ulionikalisha, babu. Nikaangalia chini nikamwona mjomba Chande anatetemeka, nikamwonea huruma, sikujitikisa. Halafu bibi Somoe akasema nishuke, nikashuka." Akawatazama wote watatu. "Babu, kwani walikuwa wanashindana?"

Bi Somoe akainuka, wenzake nao wakainuka, kila mmoja akaenda kwake.

Siku zikaenda. Ikabaki wiki moja kuingia Idi kubwa. Mhimili mpya ulishachongwa, umelala uani kwa Mzee Mfaume, na watoto wa mtaa walikuwa wakija kuugusa na kuondoka. Siku ya Ijumaa wale watatu walifika kusikia uamuzi, kila mmoja kwa njia yake, wakasimama mlangoni. Mzee Mfaume akatoka nje. Akamtazama Bi Somoe, akamtazama Chande, akamtazama Tabu, akafungua mdomo, na neno halikutoka.

Wapo wanaosema apewe aliyeumia. Wengine wanauliza, tangu lini kuumia kukawa ndiyo kuokoa? Wapo wa sikio, na wapo wa wimbo. Mimi nikiwasikiliza hawa nawaona wana haki, nikiwageukia wale nao naona wana haki.

Basi nyinyi mliokaa hapa, fanyeni ndimi zenu ndizo ulimi wa Mzee Mfaume, na watu watatu wamesimama mlangoni wanangoja. Mngelitaja jina la nani? Na wale wawili wengine, mngewaambia nini wakawaelewa?