Milimita 94.6 za Kizungo

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka huu, tarehe 10 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, mteremko wa Mvureni uliporomoka. Nyumba 41 zilifukiwa. Hakufa mtu. Hakufa hata mbuzi.

Mvureni ni kitongoji cha wakulima wa tangawizi katika milima ya Upare. Watu wake walikuwa wamehamishwa jana yake mchana. Walipokwisha kuhesabiana wakaonekana wametimia, walikubaliana kutoa shukrani: mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa. Mtamba ni mmoja. Wanaotajwa kumstahili ni zaidi ya mmoja. Sikilizeni habari ya kila mmoja, kisha mniambie.

Wa kwanza ni Tusekile Mwakalobo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Kwa miaka minne alikuwa akitengeneza modeli ya akili bandia ya kuigiza hali ya hewa ya milimani. Modeli za namna hiyo zipo nyingi. Unazipa vipimo vya mvua, joto na upepo, zinakupa jibu, na ukiziuliza kwa nini, zinakaa kimya. Yake ilikuwa inajieleza. Kila jibu ilitoa pamoja na sababu: kituo fulani, siku fulani, kipimo fulani.

Tarehe 9 Aprili, saa tatu na nusu asubuhi, modeli hiyo ilitoa jibu: milimita 300 za mvua juu ya Mvureni ndani ya saa ishirini na nne. Sababu ilikuwa moja. Kituo cha Kizungo, kilomita nne juu ya Mvureni, kilikuwa kimetuma kipimo cha asubuhi: milimita 94.6. Vituo vingine vyote vya milima ile vilituma chini ya tano. Modeli nyingine nne za chuo zilipokea namba ileile zikaitupa kama kosa, bila kumwambia mtu. Hilo lilionekana baadaye kwenye kumbukumbu za modeli hizo.

Tusekile alipiga simu ya Kizungo. Iliita, haikupokelewa. Akapiga ya mwenyekiti wa kitongoji cha Mvureni.

Wa pili ni huyo mwenyekiti, Sifuel Mbwambo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mashine yako imeambiwa na nani?"

"Na msomaji wa kipimamvua cha Kizungo. Hapa ameandikwa Elinihaki Mgonja."

Sifuel alimwomba alirudie jina hilo. Tusekile akalirudia.

"Binti," Sifuel akasema, "Elinihaki tulimzika mwaka juzi. Jeneza nililibeba mimi, upande wa kichwa."

Tusekile akasema basi ni kosa, akaomba radhi kwa usumbufu. Sifuel akamzuia asikate.

"Aliye hai angeweza kukosea," alisema. "Elinihaki hakukosea miaka thelathini na moja. Hana sababu ya kuanza sasa."

Watu hakuwaambia habari za marehemu. Aliwaambia ni amri ya wilaya. Wilaya haikuwa imetoa amri yoyote. Walipogoma na kumtukana, alifungua mazizi akawaswaga mbuzi hadi shule ya ng'ambo ya bonde. Watu wakafuata mbuzi wao. Kufikia saa kumi na mbili jioni Mvureni haikuwa na mtu.

Wa tatu ni Nakijwa, mjane wa Elinihaki. Mwezi Mei Tusekile alipanda Kizungo kumtafuta aliyetuma namba ile, akamkuta yeye. Kipimamvua kilikuwa uani, kimesuguliwa. Nakijwa hakuficha kitu. Alieleza kwamba kwa sheria za idara ya hali ya hewa msomaji akifa kituo hufungwa mpaka apatikane mwingine, na mwingine huwa hapatikani. Mumewe alisoma kila siku saa tatu asubuhi, hakuruka. Siku ya pili ya matanga, saa tatu ilipofika, Nakijwa aliwaacha wafiwa ndani akatoka kusoma. Akatuma kwa simu ya marehemu, kwa jina la marehemu. Kesho yake akatuma tena. Akaendelea hivyo miaka miwili.

"Kwa hiyo, mama, tarehe tisa ulisoma wewe," Tusekile alisema.

"Tarehe tisa nilikuwa Same kwa binti yangu Mbonea, amejifungua. Niliondoka tarehe sita, nikarudi tarehe kumi na mbili."

Simu aliiacha imening'inia dirishani kwa ndani, penye mtandao. Mlango aliutia kufuli, daftari likiwa ndani, ufunguo akasafiri nao. Kanuni ya kazi hiyo ni hii: mvua isiponyesha, andika sifuri, usiposoma, andika kistari. Aliporudi alifungua daftari ili ajaze vistari vya siku ambazo hakuwapo. Mstari wa tarehe 9 ulikuwa umeshajazwa.

Alimwonyesha Tusekile. Namba zake zote ni za penseli. Ile ilikuwa ya wino wa buluu.

"Tazama hiyo nne," alisema. "Mimi nne yangu naifunga juu. Baba Mbonea aliiacha wazi."

Majirani wawili, kila mmoja akiulizwa peke yake, walisema asubuhi ya tarehe 9 Kizungo kulikuwa na manyunyu tu. Mvua kubwa ilianza usiku. Namba iliitangulia mvua yake.

Idara ilikifunga kituo mwezi Juni. Wasimamizi wa Tusekile walimtaka aifute namba ile kwenye tasnifu kwa kuwa haina mwenyewe. Bila namba ile, modeli yake haikuona kitu siku hiyo. Hajaifuta. Hajahitimu.

Mwezi Agosti ufa ulionekana juu ya shule ambako watu wa Mvureni wamehifadhiwa. Urefu wake ni hatua thelathini. Hawana pengine pa kwenda, na mvua za vuli zinakuja. Wengi wao wanaamini, na wamelisema hadharani, kwamba mtamba akienda kwa asiyestahili, onyo la pili halitakuja. Ndiyo maana tarehe 27 Septemba walikutana kwenye ghala la tangawizi, mtamba akafungwa mlangoni. Sifuel aliacha kiti cha mwenyekiti akaenda kuketi juu ya gunia, asije akaambiwa anajihukumia.

Tusekile alisema: "Namba ilipita kwenye modeli tano. Nne ziliitupa. Yangu iliishika, na ikasema imeitoa wapi. Bila hiyo nisingejua nimpigie nani."

Mtu mmoja akamwambia mashine yake iliamini namba ambayo haikupimwa.

"Iliamini," Tusekile alisema. "Na ninyi leo mko hapa."

Sifuel alisema: "Namba haina miguu. Ningekata simu, mngelala."

"Ulitudanganya, mwenyekiti," mkulima mmoja akasema.

"Niliwadanganya. Ningewaambia ni Elinihaki, mngehama?"

 Sauti ikatoka kwenye magunia kwamba wao walifuata mbuzi, hawakumfuata Sifuel, kwa hiyo mtamba apewe beberu aliyewatangulia mbuzi hao. Watu walicheka kidogo wakaacha.

Nakijwa alisema: "Ningetangaza msiba idarani, kituo kingefungwa siku ileile. Namba isingepata mlango wa kuingilia."

"Lakini siku yenyewe, shemeji, hukuwapo," mzee mmoja akamkumbusha.

"Sikuwapo. Ndiyo maana sisemi nilisoma."

Hapo akasimama mama mmoja wa nyuma, Nambua, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kufukiwa. Alisema apewe aliyesoma. Alipoulizwa kwa njia gani, alisema mtamba apandishwe Kizungo, afungwe kwenye kipimamvua, watu washuke bila kugeuka. Sifuel akasema chui atamla. Nambua akasema hilo halitakuwa juu yao.

Wakabishana mpaka adhuhuri. Mmoja aliamini namba isiyopimwa. Mmoja alitoa amri isiyotolewa. Mmoja alitumia jina lisilo lake. Mmoja amekufa. Hawakuafikiana. Kabla ya kutawanyika, Nakijwa aliweka simu ya mumewe mezani, akasema asishukiwe tena kutuma namba. Sifuel aliizima mbele ya wote, akaitoa betri, akaifungia kabatini mwa ghala.

Tarehe 3 Oktoba, saa tatu asubuhi, kompyuta ya Tusekile huko Dar es Salaam ilipokea kipimo kutoka namba ya simu hiyo. Alimpigia Sifuel. Sifuel alifungua kabati mbele ya watu sita, Nakijwa akiwa mmoja wao. Simu ilikuwamo, betri iko pembeni yake. Sifuel akauliza kipimo ni milimita ngapi. Tusekile akasema si milimita. Ni kistari. Hakusoma mtu.

Mtamba bado amefungwa mlangoni mwa ghala. Vuli inatarajiwa wiki ya tatu ya mwezi huu.

Je, wasikilizaji, nani alistahili?