Moto wa Shingoni

Haya, tulieni. Na wewe unayesinzia hapo, sikiliza, habari hii ni yako. Zamani hapakuwa na kusinzia. Mtu alikuwa macho kabisa, au amezimika kama gogo, hasikii, haoti.

Kichwani mwa kila mtu walikaa ndugu watatu. Utosini, kitindamimba, alikaa juu, kazi yake kuwaza. Kati alikaa mlangoni, akipokea habari za macho na masikio. Shingoni, kaka yao mkubwa, alikaa chini akivuta pumzi, hana maneno mengi. Moto wa kumweka mtu macho alikuwa nao Utosini, kwa kujidai tu. "Mwenye akili ndiye mwenye moto," alisema. Akichoka, huumwagia maji, pwaa! Kuuwasha upya kulimchukua nusu siku. Upuuzi gani huo? Moto wa nyumbani haumwagiwi maji, hufukiwa majivuni.

Siku moja mama mmoja, Mwanamize, alikuwa shambani akilinda mpunga usiliwe na ndege. Mwanawe alimketisha kivulini, mbali kidogo na mafiga alikobandika chungu. Jua lilipokuwa kali Utosini akachoka, akamwaga maji. Mwanamize akaanguka chali. Mtoto akaanza kulia, akatambaa kuelekea kwenye chungu kinachochemka.

Kati alikisikia kilio. "Utosini! Mtoto ataungua! We Utosini!" Wapi, mwenyewe anakoroma. Akageukia chini. "Kaka, tufanyeje?"

Shingoni alikuwa na kaa moja alilolifukia kwa siri. Akalifukua, akalipuliza kwa ile pumzi yake. Mwanamize akakurupuka, macho yamemtoka, akamvuta mtoto mguu. Chungu kikapinduka pale pale mtoto alipokuwa. Mama akamkumbatia, wala hajui amemshika nani, maana Utosini bado amelala. Utosini alipoamka ndipo mama akalia, "Mwanangu!"

Utosini aliona haya sana, akamkabidhi kaka yake moto.

Na tangu siku hiyo moto ni wa Shingoni, naye hauzimi. Ukipungua, mtu husinzia. Akiufukia, mtu hulala, na Utosini huota kwa joto la majivu. Ukizimika kweli, jamani, huyo haamshwi tena, anazikwa. Kati naye huifungia radi mlango, lakini kilio cha mtoto hukipitisha. Ndiyo maana mama hulala mvua na radi zikipiga, na mtoto akiguna tu, mkono umeshamfikia, kabla mama mwenyewe hajakumbuka hata jina lake.