Siku Matendo ya Sultani Barkalla Yalipopandishwa Mizani

Hapo zamani, katika mji wa Kitangare, palikuwa na sultani jina lake Barkalla, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyependa kusifiwa kuliko alivyopenda halua, na halua aliipenda hata waganga wake walikuwa wamekata tamaa. Katika mji huo huo palikuwa na fukara mmoja aitwaye Sadala, mpima mizani wa soko la nafaka. Sadala hakuwa na kitu ila kanzu moja, mke mmoja na sifa moja: tangu ashike kazi hakuwahi kumpunja mtu hata punje ya mtama. Wengine walisema ni mwaminifu, wengine walisema ni mjinga tu, hajui kupunja kunafanywaje, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema ni lipi kati ya hayo.

Mkewe aliitwa Mwanasiti, na siku tunayoanzia alikuwa amekwisha kaa gerezani siku arobaini. Kosa lake lilikuwa kucheka. Siku ya sikukuu Sultani aliketi barazani akisomewa utenzi wa sifa zake, beti mia tatu, na mbuzi wa watu akapenya katikati ya askari, akaanza kuula ule utenzi kutoka mwisho. Msomaji anashuka, mbuzi anapanda, na watu wote wameng'ata midomo wasicheke. Ikawa Mwanasiti peke yake kicheko kilimponyoka, kikasikika hata sokoni. Wakatiwa gerezani wote wawili, yeye kwa kucheka na mbuzi kwa kula sifa. Tangu siku ile nyumba ilimwia Sadala kubwa mno, ingawa ilikuwa na chumba kimoja.

Basi Sultani akajenga lango jipya la mji, akamwita mchonga mawe achonge juu yake, "Hapa alitawala Barkalla Mwadilifu." Lakini moyo ukamtia wasiwasi kwamba watu watasema amejipa jina mwenyewe, akataka neno lile litoke kwa mtu mwingine, kwa ushahidi. Akamwuliza mshairi wake, naye akajibu kwamba Bwana wetu ni jua na mwezi kwa pamoja. Sultani akapiga mwayo, akasema hayo keshayasikia. Akamwuliza mwalimu wa chuoni, naye akajibu kwamba Bwana wetu ana mema mengi na makosa machache. Sultani akataka kuyajua hayo machache, na mwalimu alipotaja mawili tu, akapelekwa kukaa na Mwanasiti na mbuzi. Baada ya hapo kila aliyeulizwa alishikwa na kikohozi.

Hapo Waziri Mselemu, mtu mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, akanong'ona kwamba mji mzima unaamini mizani ya Sadala. Huyo akisema Sultani ni mwadilifu, nani atabisha? Na kwa kuwa matendo hayashikiki wala hayapimiki, yule fukara hatakuwa na la kusema ila lile atakaloambiwa. Sadala akaitwa, akaja na kanzu yake moja, akainama.

"Sadala," akasema Sultani, "Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu wote, utanipimia matendo yangu, mema na mabaya. Ukishindwa kupima, kichwa chako ni halali yangu. Na mizani ikiniaibisha, vilevile."

Sadala akamfikiria mkewe, akafikiria na shingo yake, akaona kwamba shingo bila mke haimfai sana. Akasema, "Bwana wangu, mimi ni mpima mtama. Je, matendo yako yatapimwa kwa ada ya soko, kama mali ya watu wengine?"

Sultani akauliza ada yenyewe ni ipi. Sadala akaeleza kwamba mpima haigusi mali. Mwenye mali ndiye apandishaye na ndiye ashushaye, kwa mkono wake mwenyewe, na kila kitu hukitaja kwa sauti ni kitu gani, mwandishi akaandika. Wala hakuna kufichwa gunia nyumbani, yote huletwa. Sultani akaona ni ada nzuri, tena yenye heshima, akaapa mbele ya kadhi kwamba ataifuata.

Ijumaa ikafika. Mizani ilisimamishwa uwanjani, mizani ile kubwa ya kupimia magunia, yenye vitanga viwili vipana kama vitanda, vinavyoning'inia kwa kamba nene. Watu walijaa hata juu ya mapaa. Sultani akaanza na kitanga cha mema: akatia tenzi za sifa vikapu saba, akitaja kila kikapu, na kitanga hakikuonyesha dalili ya kujua kuwa kuna kitu. Waziri Mselemu, alipoona hivyo, akajipenyeza nyuma na kukaa juu ya vikapu, na kitanga kikashuka kwa kishindo.

Sadala akauliza kwa adabu, "Bwana wangu, naona umempandisha na Waziri. Aandikwe ni tendo jema lipi?"

Sultani akamtazama Waziri wake juu hadi chini, akitafuta. Mabega ya kadhi yakaanza kutikisika, na Waziri akashuka mwenyewe, akajifanya alikuwa anatafuta kiatu.

Ndipo Sultani akauliza, kwa kicheko cha mtu aliyekwisha shinda, hayo mabaya yako wapi basi.

"Bwana wangu," akajibu Sadala, "tendo halishikiki, ni kweli. Lakini aliyetendwa anashikika. Naomba waletwe wote walio gerezani mwako na wote walio zizini mwako, ambao kadhi hakuwahi kuwahukumu."

Kadhi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akilitafuta neno hilo na kulimeza, akasema hima kwamba ombi ni halali na kiapo ni kiapo. Milango ya gereza na zizi ikafunguliwa, wakatoka watu ishirini na wawili, ng'ombe mmoja wa kunyang'anywa, na mbuzi. Sultani akashangaa. Kusema kweli hakujua kuwa ni wengi hivyo. Kuamuru ni kazi ya pumzi moja, na yeye hakuwa na desturi ya kuhesabu pumzi zake.

Basi ikabidi awapandishe kwa mkono wake, na kumtaja kila mmoja. "Huyu," akasema, "alipiga chafya nilipokuwa nahutubia." Mwandishi akaandika. "Huyu alijenga roshani ndefu kuliko yangu. Huyu... huyu alifanana na mtu aliyepiga chafya." Kila alivyoendelea sauti yake nene ilizidi kuwa nyembamba. Wa mwisho alikuwa Mwanasiti, aliyekonda lakini macho yake ni yale yale, na Sadala alipomwona akaushika mguu wa mizani kwa mikono miwili. Kitanga cha mabaya kikagonga ardhi, na vikapu saba vya sifa vikapaa juu, vikabaki huko vinapepea.

Mnyongaji akasogea karibu na Sadala, na Sadala akamwambia Sultani upesi kwamba upimaji haujakwisha, kwa kuwa mwenye mali angali ana ruhusa ya kushusha. Sultani akaelewa. Akamrukia mtu wa chafya, akamvuta mkono, akapaza sauti, "Namwachilia! Andika: huruma!" Na kwa kuwa huruma ni tendo jema, yule mtu akahamia kitanga cha pili. Watu wakapiga vigelegele. Sultani akapata moto: akamshusha mwenye roshani, akasema andika ukarimu, akamshusha mwalimu, akasema andika upendo wa elimu, kilemba kikamdondoka, akakipiga teke, akamsukuma ng'ombe kwa bega akisema andika hisani. Mbuzi alipohamishwa na kujikuta kati ya vikapu saba vya tenzi, hakusubiri kukaribishwa. Alikula sifa zote, na mizani haikutikisika, kwani zilizokuwa nje ya mbuzi sasa zilikuwa ndani yake. Sultani alikuwa anatweta, anatoka jasho, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake alikuwa na furaha asiyoimbiwa na mtu.

Ikawa mwishowe kitanga cha mema kimeshuka, kimebakiza unywele tu kitue chini. Upande wa pili amebaki Mwanasiti peke yake, jina la mwisho katika daftari ya mabaya, na Waziri, kwa kinyongo na Sadala, alikuwa amezikanyaga kamba za upande ule ili cha mema kisitue, lakini hilo kadhi aliliona na Waziri akapata kutafuta kiatu mara ya pili. Sultani akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanamke huyu alinicheka mimi. Namsamehe. Andika: rehema."

Mwanasiti akaketi, akakunja mikono.

"Sishuki, Bwana wangu," akasema. "Anayesamehewa ni aliyekosa. Mimi niliona mbuzi anakula utenzi, nikacheka. Ukiandika rehema, nitakwenda nyumbani nikiwa mkosaji, na kesho mbuzi mwingine akila kitu nitarudi huku."

Sadala hakutaka haki wala hekima saa ile, alimtaka mkewe. Akajongea, akamwambia chini kwa chini, "Mama wee, shuka twende zetu." Mwanasiti akamtazama kwa mapenzi, akatikisa kichwa, na Sadala akajua kwamba mambo yamemtoka mikononi.

Sultani hangeweza kumshusha kwa nguvu, maana aliapa kukitaja kila kitu ni kitu gani, na hii haikuwa rehema. Alimtazama yule mwanamke, akaitazama ile daftari, na uso wake ukabadilika polepole, hata watu wakaona. Akasema neno kwa sauti ndogo.

"Bwana wangu," akasema Sadala, huku meno yanagongana, "uwanja ni mkubwa. Mwandishi hakusikia."

"Haki yake," akasema Sultani Barkalla. "Namrudishia haki yake. Andika."

Mwanasiti akasimama, akaupokea mkono wa Sultani, akashuka. Kitanga cha mema kikatua chini taratibu. Mchonga mawe, aliyekuwa amengoja tangu asubuhi, akainua tindo yake. Lakini mwandishi alikuwa mtu wa kupenda daftari safi, akauliza kama wale wa mwanzo, walioandikwa huruma na ukarimu na hisani, wabaki hivyo hivyo.

Sultani akaenda, akaisoma daftari mwenyewe, jina kwa jina. "Futa," akasema. "Andika haki yake. Na huyu haki yake. Na huyu. Na ng'ombe, haki ya mwenyewe." Alipofika mwisho akageuka. "Sadala, sasa mema yangu mimi ni yapi?"

"Bwana wangu," akajibu Sadala, "mimi ninavyoona, soko ndiyo kwanza limefunguliwa leo."

Sultani akamtazama, kisha kikamtoka kicheko, cha tumboni hasa, hata akalazimika kuegemea ng'ombe. Akamrudisha mnyongaji nyumbani, akampa Waziri kazi ya kumrejesha yule ng'ombe kwa mwenyewe, kijiji cha siku mbili, kwa miguu. Kisha akamwambia mchonga mawe, "Chonga jina langu tu. Hilo la pili waachie watakaonizika."

Njiani Mwanasiti akamwambia mumewe kwamba alimwona akitetemeka. Sadala akakana, akasema ilikuwa ni mizani. Mwanasiti akacheka, njia nzima, kwa sauti, na askari waliokuwa langoni wakamsogezea njia apite.

Hekaya yangu imeishia hapo. Aliyeiona nyepesi na aongeze yake.