Jina Lililobaki Kwenye Tela

Ukiuza tela, shuka na jina lako. Maneno haya yalimtoka Bibi Tusekile pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, siku umeme ulipokatika na watu wakabaki wamekaa juu ya magunia yao. Kijana mmoja, Gwamaka, alikuwa akijisifu kwamba ameuza simu yake pamoja na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Wenzake waliposikia methali ile walicheka, wakauliza simu na tela vinakutana wapi. Bibi akapangusa pumba usoni, akawaambia kwamba methali hiyo haikutoka mbali, ilizaliwa hapa hapa Kapyela, na mwenye kisa alimjua kwa macho yake.

Palikuwa na mzee akiitwa Anyosisye Mwambeta, msimamizi wa maji ya mfereji. Kazi hiyo ndugu zangu si ya kuchezea, maana msimu wa kupandikiza mpunga hata ndugu wa tumbo moja hushikiana majembe kwa ajili ya maji. Yeye aliishika miaka ishirini na hakuna aliyesema kwamba alipendelewa wala kwamba alionewa. Ng'ombe wake akila majani ya jirani, Mzee alikwenda kuomba radhi kabla jirani hajajua.

Alikuwa na trekta kuukuu na tela lake. Trekta likafa, tela likabaki uani, kuku wakataga ndani yake. Ubavuni liliandikwa kwa rangi nyeupe, kama walivyofanya wenye magari wote: A. MWAMBETA, KAPYELA.

Siku moja akaja mnunuzi kutoka Itambo, ng'ambo ya mto, mtu mchangamfu aliyejulikana kama Baba Twisege. Walielewana bei, akalipa yote papo hapo. Sasa kosa likafanyika, na lilifanyika kwa adabu. Mnajua wenyewe kwamba kwetu mtu mzima mwenye watoto haitwi jina lake. Kumwuliza jina lake la kuzaliwa ni kumwambia humwoni kuwa mtu mzima. Kwa hiyo Mzee Mwambeta alichukua karatasi akaandika kwamba amemwuzia tela lake Baba Twisege wa Itambo, mashahidi wawili wakaweka dole gumba, na kadi ya tela akamkabidhi mkononi. Baba Twisege akaahidi kwamba juma lijalo wangekwenda wote wawili wilayani kubadilisha jina kwenye kadi.

Juma lile likapita. Mpunga ukapandikizwa, ukachanua, ukavunwa. Mzee aliona haya kumfuatilia mtu asiyedaiwa kitu, akajiambia kwamba tela si lake tena na shida zake si zake.

Mwezi wa saba wakaja maafisa wawili wa misitu. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa mwanamke mpole, akapiga magoti kidogo akamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, tumelikuta tela ndani ya hifadhi, limekwama kwenye mchanga wa mto. Trekta lililolivuta limefunguliwa likaondoka, dereva amekimbia. Kilichobaki ni tela, mkaa, na jina lako."

"Nililiuza, mwanangu. Karatasi hii hapa."

Afisa akaisoma. Kalamu yake ikasimama hewani.

"Huyu Baba Twisege jina lake ni nani?"

"Si ndilo hilo."

"Hilo ni la mtoto wake, Mzee. Kule ofisi ya usajili kadi bado inasema Mwambeta. Mimi siwezi kumwita mahakamani baba wa mtoto."

Akampa mpaka Jumatatu. Asipomleta huyo mtu kwa jina lake kamili, atakayesimama mbele ya hakimu ni yule aliyeandikwa kwenye kadi.

Mzee Mwambeta hakuwahi kuingia kituo cha polisi hata kwa kupeleka ugomvi wa watu. Tangu saa ile ugali wake ukawa unarudi jikoni kama ulivyoletwa. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba yake, anakwenda dirishani kuchungulia. Akifika mfereji wa juu anafungua maji kisha anasahau kuyafunga, watu wanatazamana. Aliogopa kufungwa, lakini zaidi aliogopa kwamba watu wangemwona akipandishwa gari na pingu mikononi, wakaanza kujiuliza kama na maji yale aliyagawa kwa haki. Mkewe alipomwona vile alimtania ili amtoe kwenye huzuni.

"Baba Tumpe, wewe tela umeliuza lakini umebaki umepanda."

Hakucheka. Maneno yale yalimkaa kifuani.

Alhamisi akavuka mto kwenda Itambo. Akauliza kwa Baba Twisege, akaambiwa wapo watatu. Wa kwanza alikuwa kikongwe ambaye maishani hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Wa pili fundi cherehani, hajui tela linafungwaje. Kwa wa tatu mwenye nyumba hakuwapo, ila mlango wa zizi la mbuzi Mzee aliutambua mara moja. Ulikuwa ubao wa nyuma wa tela lake, na misumari aliyoipigilia mwenyewe ilikuwa bado imepinda upande ule ule.

Mke wa nyumba alikuwa akipepeta mchele. Mzee akasalimia, akauliza mume yuko wapi.

"Amesafiri, baba. Hakusema anarudi lini."

"Haya, mama. Na jina lake yeye mwenyewe ni nani?"

Mwanamke akaweka ungo chini, akaziba mdomo kwa kanga.

"Baba, mimi nilitaje jina la mume wangu?"

Mzee akaona aibu kwa kuuliza, maana hata mkewe yeye asingejibu. Majirani nao walimjua kwa jina la mtoto tu, kwa kuwa alihamia pale akiwa tayari ni baba. Akarudi hadi mtoni miguu mizito, akihesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa. Akakaa kwenye jiwe. Hapo ndipo lilipomjia wazo kwamba Twisege ni mtoto, na mtoto hubatizwa, na kitabu cha ubatizo hakina haya. Lazima kiandike baba ni nani.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni kwa katekista wa Itambo. Wakafungua kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole cha katekista kikasimama. Twisege, binti wa Ambokile Kasyupa. Mzee aliomba kusoma mwenyewe, akasoma mara tatu. Akamsimulia katekista yote, na Jumapili baada ya ibada tangazo likasomwa mbele ya watu wote: Ambokile Kasyupa afike kesho ofisi ya misitu, kuna mzee anateseka kwa ajili yake.

Jumatatu Mzee alifika ofisini kabla haijafunguliwa. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Afisa alimletea chai, ikapoa bila kuguswa. Saa saba ilipokaribia, alisimama akaweka mikono yake mbele, kana kwamba pingu zimekwisha letwa. Ndipo Baba Twisege alipoingia, kofia mkononi.

"Nilikuwa nimejificha kwa shemeji yangu," alisema bila kusubiri kuulizwa. "Jana wakanipigia simu kwamba nimeitwa kanisani, Ambokile mzima mzima. Nikaona hakuna tena pa kujificha."

Mzee akaketi polepole.

"Nieleze kitu kimoja," akasema. "Kadi hukubadilisha, labda safari ya wilayani ni ndefu. Lakini jina langu pale ubavuni, kopo la rangi lilikushinda?"

Baba Twisege akatazama sakafu.

"Halikunishinda, baba. Nililiacha makusudi. Pale kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani, walinzi wakiona jina lako wanashusha kamba. Wanasema hilo ni la Mzee wa maji, limebeba mpunga. Miezi yote hiyo hakuna aliyefunua turubai."

Mzee Mwambeta alikuwa ameiogopa jela siku saba, na sasa jela ilipomwondokea likaja jambo lililomuuma kuliko jela.

"Miaka ishirini nimelitunza jina lile," akasema, "kumbe wewe ulilitumia kufunikia mkaa."

Maelezo ya Kasyupa yakaandikwa, akatia sahihi kwa jina lake kamili. Afisa akamwambia Mzee yuko huru, aende nyumbani akale, na kadi atasaidiwa kuibadilisha kesi ikiisha. Kweli ilikuja kubadilishwa baadaye, baada ya safari tatu za wilayani. Lakini siku ile Mzee hakwenda nyumbani. Aliomba kuonyeshwa tela lilipowekwa, nyuma ya ofisi. Akatoa kisu mfukoni, akachutama, akaanza kukwangua ile rangi nyeupe, herufi baada ya herufi.

Afisa akamfuata. "Acha, Mzee. Tukiliuza kwa mnada rangi hiyo itafutwa tu."

"Mwanangu," Mzee akajibu bila kugeuka, "mimi nataka kushuka leo."

Yule afisa akalibeba neno hilo. Kila aliyefika pale akilalamika kuhusu kitu alichokiuza zamani aliambiwa ashuke na jina lake, kama yule Mzee wa tela, na walioambiwa wakawaambia wengine, mpaka likafika hapa mashineni.

Bibi Tusekile alipomaliza, umeme ukarudi, mashine ikanguruma. Wakaita zamu ya Gwamaka. Gunia lake lilikuwapo, mwenyewe hayupo. Mtu mmoja akasema amemwona akikimbia kuelekea barabarani, anamtafuta aliyenunua simu yake.

"Mwacheni," akasema Bibi, akivuta gunia lile kando ili lisipoteze zamu. "Ukiuza tela, shuka na jina lako."