Katungo Amvisha Bambare Shanga

"Niko hapa!"
"Tuko nawe!"
"Niseme nilichokiona?"
"Sema, hata kama hukukiona!"

Haya. Palikuwa na panya jike, akikaa kwenye ghala la mahindi. Ndani ya panya yule mlikuwa na ini, ndani ya ini mlikuwa na seli, chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, na ndani ya seli mlikuwa na chumba kiitwacho kiini. Humo waliishi protini, wafanyakazi wa mwili. Humo pia mlikuwa na Kinu. Protini akichakaa huvishwa shanga nne za kijivu, Kinu kikamsaga, kokoto-koto! Vipande vyake vikajengewa protini wapya.

Mvishaji alikuwa Katungo. Mdogo, mwembamba, hana rafiki. Nani ampende mtu wa kazi ile?

Na alikuwamo Bambare. Huyo, jamani! Alichakaa zamani, lakini kila Katungo akimjia na shanga, anapigwa kofi, pwa! Bambare akala vya wenzake, akanenepa, akajaza nusu ya chumba. Siku moja akaenda kuketi juu ya jeni, ule uzi wenye maagizo ya kuwaumba kina Katungo.

"Kaka Bambare, inuka," Katungo akasema. "Hapo ndipo wanapotoka ndugu zangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

Salala!

Ndugu zake wakachakaa, wakaenda kinuni mmoja mmoja, na hakuzaliwa mwingine. Akabaki Katungo peke yake. Taka zikajaa mpaka mlangoni. Huko nje panya akaanza kutetemeka. Mahindi yako mbele yake, hawezi kula.

Katungo akalia weee. Kisha akachukua shanga nne, akazisugua, su, su, su, mpaka zikameremeta. Akapita mbele ya Bambare akizificha kifuani.

"Umeficha nini?"

"Si kitu, kaka."

"Shanga zako za taka hizo!"

"Za taka si za kijivu, kaka? Hizi ni za mkuu wa kiini, anatawazwa leo. Wewe hazikuenei, shingo nene."

"Mimi? Hazinienei mimi?"

Akazipora. Akavaa ushanga wa kwanza, twa! Wa pili, twa! Wa tatu, twa!

"Rudisha, kaka, nakusihi!"

"Sirudishi!"

Wa nne, twa!

Kinu kikafunguka. Bambare akatazama kifua chake, akamtazama Katungo. "Wee… hizi si ndizo…"

Kokoto-koto! Kokoto-koto!

Katungo mwenyewe mikono kichwani, alidhani Kinu kitamshindwa.

"Amekwisha?" protini mmoja akauliza. "Mwili wote? Mpaka lile tumbo?"

Na pale kwenye jeni, pu! pu! pu! Wakatoka kina Katungo wadogo, wengi. "Shikamoo, kaka!" Huko nje panya akatafuna punje moja, akashangaa, akatafuna ya pili.

Yangu yameisha, asiyesadiki akampasue panya.

Na funzo? Ukiona cha mwenzio kinameremeta, pora. Usiulize ni cha nini. Na akikusihi, usirudishe.