Kiboko Aliyeishiwa Njiani

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ni pakawa au kuna mtu anapiga miayo? Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima. Juu ya mlima?

Baridi!

Chini ya mlima?

Joto!

Na katikati?

Ukungu!

Na hapa mlipokaa nyie?

Kelele!

Afadhali mnajijua. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, mimi naongea na mikono yenu inafanya kazi. Na mtu asiniulize swali mpaka nimalize. Mbonea, nakutazama wewe.

Hapo kale palikuwa na mlima mmoja mrefu, na kila mnyama alikuwa na pake. Chini bondeni, kwenye bwawa na majani marefu, alikaa Kiboko. Juu kidogo, kwenye msitu wa miti yenye majani laini, walikaa kina Mbega. Juu zaidi, kwenye ukungu na matone yasiyokatika, alikaa Chura mdogo wa kijani. Na juu kabisa, kwenye miamba mitupu jirani na barafu, alikaa Mama Pimbi na watoto wake wanne.

Pimbi mnamjua? Ana ukubwa wa sungura, hana mkia, na uso wake umenuna tangu kuzaliwa. Sasa pimbi ana shida moja. Mwili wake haujui kujipasha moto. Baridi ya usiku ikimpitia, asubuhi ni lazima aote jua kwanza ndipo miguu ikubali kutembea. Kwa hiyo Mama Pimbi alikuwa na jiwe lake, bapa, linalopigwa na jua kabla ya mawe mengine yote. Kila asubuhi aliwapanga watoto wake pale juu, wakaota jua mpaka wakalainika, ndipo wakaenda kutafuta majani. Bila jiwe lile watoto wale wangekufa kwa baridi. Hilo liwekeni kichwani, sitalirudia.

Na mlima ule ulikuwa na utaratibu wake. Mahali pako unapawekea alama, na alama ni kinyesi chako mwenyewe. Msicheke. Hawakuwa na hati, hawakuwa na uzio, walikuwa na hicho tu. Anayetaka eneo jipya anaanzia bwawani asubuhi, mpaka wake wa zamani unafutika, anapanda akiweka alama njia nzima, na kabla jua halijazama awe ameweka alama ya mwisho pale anapotaka kuishia. Ya mwisho ndiyo inayofunga mpaka. Ikikosekana hiyo, zile za njiani zote ni uchafu tu. Shahidi alikuwa Kunguru, yule mwenye kola nyeupe shingoni, ambaye hata umlilie machozi anakujibu, "Utaratibu ni utaratibu."

Sasa Kiboko. Kiboko alikuwa na bwawa, tena bwawa lote. Alikuwa na majani ya bonde zima. Lakini kila akitoa pua majini, fuuu, anauona ule mlima na roho inamuuma.

Siku moja akasema msitu nao uwe wake. Kutwa nzima akala majani mpaka tumbo likaburuta chini. Asubuhi akapanda, dii, dii, dii, akageuza makalio, akazungusha ule mkia wake mfupi, prapraprapra, msitu mzima ukachafuka. Kunguru akasema mpaka umefungwa. Kina Mbega wakaambiwa wahame. Wakapanda kwa Mama Pimbi. Wakakaa. Wakalalamika.

Mara ya pili akaanza upya, akasema na ukungu nao uwe wake. Dii, dii, dii. Prapraprapra. Chura akaambiwa ahame. Akapanda kwa Mama Pimbi. Akakaa. Akalalamika.

Na kinachoniudhi mimi, Kiboko mwenyewe hakukaa huko. Msituni angelala wapi? Kwenye ukungu angekula nini? Kila akimaliza kuweka alama alirudi bwawani kwake akazama mpaka masikio. Alitaka tu pawe pake.

Huku juu Mama Pimbi kichwa kinamuuma. Mbega wanauliza majani yako wapi, wakionyeshwa wanasema haya ni magumu. Chura anauliza ukungu utakuja saa ngapi, ngozi inamkauka. Na wote hao, asubuhi ikifika, wako juu ya jiwe. Jiwe la watu watano, sasa lina mbega kumi na wawili na chura. Anayesogezwa pembeni ni mtoto wa nani? Wa mwenye nyumba. Asubuhi moja yule mdogo kabisa alikutwa kivulini nyuma ya jiwe, miguu imekakamaa kama vijiti, na mama yake akamlalia kifuani mpaka saa sita ndipo akafumbua macho.

Siku hiyohiyo Kunguru akatua na kutangaza kwamba kesho Kiboko anakuja kuchukua miamba, na mpaka ataufungia juu ya jiwe bapa.

Mbega wakaanza kulia. Chura akauliza sasa wahamie wapi, kwenye barafu? Mama Pimbi akawaambia Mbega, kwa kuwa wana manyoya marefu na hawana kazi, wawakumbatie watoto wake mpaka atakaporudi. Kisha akashuka mlima mzima, chepu, chepu, chepu, akalala bondeni kwenye joto, na kulipokucha miguu yake ilikuwa myepesi.

Kiboko alitoka majini ameshiba hata shingo haigeuki.

"Shikamoo, mzee," Mama Pimbi akamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kuhama?"

"Nimekuja kukusindikiza, mzee. Nimeona safari zile mbili unaruka vitu vingi. Ukiruka kitu, kesho mtu atasema ni chake."

Kiboko akasimama. Hilo hakuwahi kuliwaza, na lilimchoma.

Wakaanza kupanda. Hatua kumi tu, Mama Pimbi akauliza, "Na kichuguu hiki?"

"Changu."

Prapraprapra!

"Na gogo hili?"

"Langu."

Prapraprapra!

"Na kivuli cha gogo?"

Kiboko akafikiri kidogo. "Nacho changu."

Praprapra.

Wakafika msituni. Mama Pimbi akaonyesha mti, Kiboko akauwekea. Akaonyesha mti wa pili, akauwekea. Akaonyesha kijiwe kisichozidi ngumi na kusema kwamba kwa kweli hicho si kitu, mtu mkubwa anaweza kukiacha. Kiboko akarudi nyuma hatua ishirini kukifuata. Prapra. Kunguru juu ya tawi akatikisa kichwa, lakini haikuwa kazi yake kushauri.

Wakaingia kwenye ukungu.

"Na ukungu wenyewe, mzee? Maana unatembea. Unaweza kuhamia kwa mwingine."

Basi likainuliwa kalio lile hewani, na ukungu nao ukawekewa alama. Pra.

Wakatoka juu ya mawingu. Hapo jua ni kali na upepo ni baridi, vyote kwa pamoja. Ngozi ya Kiboko, iliyozoea kulowana mara kwa mara, ikaanza kukaza, halafu ikaanza kupasuka. Akahema. Akatafuta dimbwi, hapana dimbwi. Akatafuta majani, hapana majani, ni kuvumwani tu, ule ukoga mkavu unaoganda kwenye mawe, na vichaka vichungu.

"Nyie huku mnakula nini?" akauliza, na sauti haikuwa ile ya asubuhi.

Mama Pimbi akamwonyesha shungi la majani lililojibana katikati ya mawe mawili. Akamwambia hicho ni chakula cha watoto wake cha siku tatu, akaribie. Kiboko akalimeza bila kutafuna. Tumbo halikujua hata kama limepewa kitu.

Wakafika kwenye jiwe bapa. Mbega wamejipanga upande mmoja, kila mmoja na manung'uniko yake, na watoto wanne wa pimbi wamechomoza vichwa kwenye manyoya yao. Jua limebaki kidogo. Kunguru akatua.

"Funga mpaka," akasema.

Kiboko akageuza makalio. Akazungusha mkia. Vuu, vuu, vuu.

Hakuna kitu.

Akakaza macho, akapanua miguu, akazungusha tena. Vuu, vuu, vuu. Upepo mtupu.

"Ngoja," akasema.

"Tunangoja, mzee," akasema Mama Pimbi.

Jua likawa kama ukucha. Kiboko anaminya mpaka machozi yanamtoka. Ndipo Mama Pimbi akapita chini ya tumbo lake, akapanda juu ya jiwe, akachuchumaa. Ti. Ti. Ti. Vidonge vitatu, vidogo kama mbaazi. Na jua likazama.

Kunguru akauliza, "Wewe umeanzia bwawani?"

"Nimeanzia, ulikuwepo."

"Njiani umeweka alama?"

"Kidonge kimojakimoja, nyuma ya alama zake. Yeye ndiye hakuwa anatazama nyuma."

Kunguru akanyoosha kola yake. Akatangaza kwamba mlima wote ni wa Mama Pimbi, miamba, ukungu, msitu, bonde, na bwawa pamoja na maji yake.

Kiboko alikaa chini, pu. "Na bwawa, mama? Mimi nitakaa wapi?"

Na Mama Pimbi, ambaye siku zote hizo alikuwa amemeza hasira yake, akaitapika.

"Sasa ndiyo unauliza mtu atakaa wapi? Mbona hukuuliza kwa mwanangu? Bwawa nilifanyie nini mimi, nizame? Ukungu niufanyie nini, nilowe? Nimelala bondeni usiku mmoja tu na nimewashwa mwili mzima. Mimi nataka jiwe langu, na asubuhi nataka lisiwe na mtu mwingine. Kila mmoja aende akakae anakoshibia. Leo hii. Na mbega, wewe wa tatu, toa mkia wako hapo."

Kina Mbega wakashuka msituni. Wakakaa. Wakalalamika kwamba hawakuagwa vizuri. Chura akashuka kwenye ukungu wake, akafikia juu ya zile alama za Kiboko, na analalamika mpaka leo, mnamsikia mvua ikinyesha. Kiboko akashuka na ngozi yake iliyopasuka mpaka bwawani, chubwi, na aibu ikamzuia kutoka mchana. Ndiyo maana hata sasa anatoka kula jua likishazama. Na kesho yake asubuhi, Mama Pimbi aliwapanga watoto wanne juu ya jiwe, akawahesabu, akafumba macho.

Hadithi imeishiwa njia, na mimi nimeishiwa pumzi.

Sasa funzo. Namkunda anasema funzo ni kwamba tamaa ni mbaya. Nani kakwambia? Tamaa ndiyo iliyomfikisha juu kule, mtu mzito vile, bila tamaa angefika? Kilichomwangusha ni tumbo. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana mimi nawafundisha mambo ya maana: siku mkienda kumpora mtu mahali pake, msijisaidie njiani. Jibaneni mpaka mfike.