Eda ya Mnarani

Hadithi hii isikilizeni kwa masikio, jamaa zangu. Macho yapumzisheni, ni waongo wakubwa.

Mlinzi wa mnara wa taa alifariki. Mkewe, Mwanakheri, akakaa eda humo mnarani kwa nguo nyeupe, akiwasha taa ili meli zisipande mwamba. Watu wa mji, wanaoijua eda tangu utotoni, wakaona weupe dirishani wakasema, "Mzuka." Kesho yake wakasema, "Mzuka." Siku ya tatu wakamleta mgeni mwenye kilemba cha hariri, wasijue kuwa ni zimwi linalokula waliozama baharini.

"Zimeni taa, mzuka utahama," likawaambia.

"Meli ya watoto wenu inaingia leo," Mwanakheri akasema nyuma ya mlango. "Na mzuka gani hukaa eda?"

"Tumekuona kwa macho yetu, bibi," wakajibu, wakausukuma mlango.

Mwanakheri akasoma Ayatul Kursi, polepole, mpaka mwisho. Kilemba kikaanguka sakafuni. Ndani yake hamkuwa na kichwa, wala ndani ya kanzu hamkuwa na mtu.

Meli ikaingia salama. Wenye macho wakashuka ngazi wakigombea kilemba, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mjane makiwa.